Bawa la Kulia na Kidole Changu

Wiki iliyopita pale Misigiri, kwenye kibanda cha chai, seremala mmoja mstaafu alitandaza mezani ramani ya ndege ya kizamani, zile ndogo unazounda kwa mbao nyepesi na kuzirusha kwa rimoti. Ramani ilionyesha bawa moja tu, la kushoto. Mzee aliifuata mara mbili, akapata mabawa mawili ya kushoto. Ubao uliobaki ulitosha bawa moja.

"Shikamoo mzee. Hiyo si itazunguka kama kuku mwenye kideri?" akasema dada wa maandazi.

"Marahaba. Cheka tu, mwanangu. Nikikosea tena, ndege ndiyo basi."

Mimi, fundi wa kila kitu isipokuwa kazi, nikaweka kidole kwenye ramani nimwelekeze. Kidole kilikuwa kimetoka kwenye andazi.

"Umenichafulia ramani, bwana wewe."

Dada akaiinua ramani juani apime hasara. Penye doa la mafuta, mistari ilionekana hadi upande wa pili. Akaigeuza.

"Mzee, la kulia si hili hapa?"

Mzee akaangalia, akaomba kikombe cha mafuta ya alizeti. Akaipaka ramani nzima ili bawa lote lionekane kwa nyuma, taratibu, kama anakanda mtoto mchanga.

Jumapili ndege iliruka sawasawa, kuku wa kijiji kizima wakajificha. Mzee alipongezwa, dada akapongezwa. Kidole changu hakikutajwa na mtu, ndiyo maana nimeandika haya kwa kidole hichohicho. Ukiona doa, geuza ukurasa.