Mlango wa Vani ya Babu

Maskati nzima hakuna fundi wa kunifikia mie. Skuli niliiacha njiani, lakini vyuma vinanisikiliza.

Ushahidi nnao.

Vani kuukuu ya marehemu babu, ile iliyokuwa ikitupakia sote kwenda kuogelea Yiti, mlango wa upande wa bibi ulikuwa haufunguki kwa ndani tangu sijazaliwa. Tukifika, babu huzunguka kumfungulia.

Mie nimeutengeneza kwa nusu saa. (Haya, saa tatu. Msinihesabie.)

Leo nikampeleka bibi Yiti, mara ya kwanza tangu babu atutoke. Nikashuka zangu. Bibi hashuki, kakaa tu na mkoba mapajani.

"Bibi, vuta kitasa! Nishakitengeneza!"

"Nani kakutuma?"

"Si kilikuwa kibovu miaka yote? Babu mwenyewe kilimshinda!"

"Kimshinde babu yako, aliyekuwa akiishusha injini peke yake?"

Wallahi nikazunguka mbio nimfungulie.

"Wacha. Si umesema kinafunguka?"

Akashuka mwenyewe.

Chekeni tu. Ila kama kuna anayejua kuharibu kitasa, aje kwetu Al Amerat upesi. Maana mie, fundi wa Maskati nzima, leo nimekosea kitu kimoja tu: nimeutengeneza ule mlango.