Mtoa Damu na Kibuyu Chake

Mama mtoa damu hamgusi mtu kabla ya kuipasha mikono yake joto kwenye kibuyu cha yerba, ile chai chungu inayonywewa kwa mrija. Kisha huugonga mshipa mara mbili, kama anayebisha hodi kwa jirani, na kwa sauti yake nzito humwamuru mgonjwa atazame dirishani, ingawa dirisha lenyewe linatazama ukuta. Akishatoa damu humkaribisha benchini, kibuyu kizunguke. Ataendelea kukujazia maji ya moto kutoka birikani mpaka useme asante, maana Buenos Aires nzima, kwenye kibuyu, asante ni kusema umetosheka.

Ercilia alikuja mara ya kwanza kabla hajaanza kutibiwa hofu kwa maongezi. Watafiti waliompima damu kabla na baada ya tiba hiyo walitaka kujua kama hofu ikipungua, chembe za mwili nazo huchelewa kuzeeka. Siku hiyo mishipa ilijificha. Kibuyu kilipomfikia, mbele ya watu watano, alisema asante kabla hata ya kuonja, akakimbilia ngazi. Leo, baada ya wiki tisa za maongezi, mshipa umeitika hodi ya kwanza. Amekaa katikati ya benchi, amekunywa cha kwanza, cha pili, cha tatu, huku akimsimulia jirani yake vituko vya paka wake.

“Mama, unaonaje, chembe zangu zimerudi ujana?”

“Hayo waulize wenye darubini, binti,” mtoa damu akamjibu, akilitikisa birika. “Mimi ninachojua, maji yameniishia na asante sijaisikia.”