Mbuzi wa Mjomba

Kila ninaponunua maandazi hapa Marani yakafungwa kwa karatasi ya daftari kuukuu, harufu ya mafuta na wino hunirudisha jikoni kwa nyanya. Mjomba alikuwa mwandishi wa visa vya katuni fupi, mpaka studio ya Nairobi ilipomwambia apumzike. Jioni moja hapo jikoni alitusomea kisa alichotumaini kitamrudisha kazini. Mbuzi anaanguka kutoka juu ya paa, analala bapa kama chapati, anainuka, anaanguka tena. Mara tisa, nilihesabu mara mbili. Nilicheka peke yangu.

Nyanya aliacha kuchambua wimbi la uji. "Mbuzi wa nani huyo?"

"Hana mwenyewe, mama. Ni mchoro tu."

"Mbuzi lazima awe na mwenyewe. Mguu umevunjika?"

"Havunjiki."

"Sasa cha kuchekesha ni nini?"

Mjomba alifuta maanguko manane. Kwa lile lililobaki akamfunga mbuzi bandeji, na mwenye mbuzi akaja kumchukua. Alikituma Nairobi; studio haikujibu. Madaftari yake yote yaliishia kwa wauza maandazi.

Leo maandazi yangu ni manne. Karatasi nimeigeuza mara mbili nikimtafuta yule mbuzi. Ni hesabu za mtoto fulani, na zote amekosa.