Petroli ya Kawaida Kwenye Gari la Taboo

Jamani, mkitaka kucheka chekeni sasa hivi tumalizane, maana habari hii kila nikiikumbuka uso unanipata moto, ingawa Tukuyu nzima waliijua kabla jua la siku ile halijazama (kama jua lilikuwepo, mvua yetu mnaijua haina likizo). Mimi Lusajo, mwenye duka la spea za baiskeli pale Bagamoyo, Bagamoyo yetu ya Tukuyu, msije mkanitafuta baharini, ndiye niliyesukumiwa gari mlimani na mke wangu mwenyewe huku baba yangu mzazi amekaa ndani. Kama bado huoni aibu iko wapi, tulia, utaiona.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Mtu aliyekuwa anapanga foleni ya sabuni juzijuzi sasa anasimama dukani anachagua redio, na magari yaliyochoka huko Japani yakaanza kushuka bandarini kwa wingi, na mimi nikasema sibaki nyuma hata kidogo. Nikapata saluni moja nyeupe, kuukuu, kiti cha dereva kimechanika, lakini ubavuni ina maandishi mekundu TURBO, kila herufi ukubwa wa kiganja. Nakwambia yale maandishi ndiyo yaliyoninunulisha gari. Vijana wa stendi, ambao turbo kwao hutamkwa taboo, wakaanza kuniita Taboo, na mimi nikawa naitika, tena kwa sauti.

Aliyelikagua alikuwa Fundi Salumu, ambaye babu yake alitoka Tanga na cherehani akaishia Tukuyu, na yeye badala ya nguo akajifunza magari. Alizunguka gari mara mbili, akafungua kifuniko cha tangi, ndani kuna kibandiko cha maandishi ya Kijapani, akakigonga kwa kidole.

"Kusoma sijui," akasema, "lakini nilipokuwa gereji Dar niliambiwa kinasema nini. Hii ni taboo, Lusajo. Inasukuma hewa kwa nguvu kwenye silinda. Ukiitilia ile petroli ya kawaida, inalipuka kabla ya wakati wake na pistoni inapigwa kama kwa nyundo. Hii inywe supa peke yake, ile petroli ya daraja la juu. Umenisikia baba?"

"Nimekusikia fundi."

"Na ukikosa supa njoo kwangu, nina dumu nimeweka uani. Usione haya kuja kunigongea."

Nikamwambia asante, nikaondoka napiga honi. Ndiyo hivyo, niliambiwa, tena kwa Kiswahili.

Sasa baba yangu. Mzee wangu alikuwa anakaa Lufingo, na macho yake yote mawili yalikuwa yameingia mtoto wa jicho, mwaka wa tatu huo haoni, anashikwa mkono mpaka chooni, yeye ambaye migomba yake alikuwa anaijua mmoja mmoja. Ikatangazwa kanisani kwamba daktari wa macho anakuja hospitali kwa siku moja tu, Jumamosi, anaandikisha watu mpaka saa sita mchana na baada ya hapo haandikishi tena, na haijulikani atarudi lini. Mama aliniambia usiku ule baba hakulala, alikuwa anaomba kwa sauti ndogo. Nikamtumia ujumbe: asiwe na wasiwasi, mwanaye ana gari, tena la taboo.

Ijumaa jioni nikaenda kujaza mafuta. Vijana wa stendi wamejaa pale kituoni wanakwepa mvua, nikaingia kwa mbwembwe, nikashusha kioo.

"Kaka Taboo, supa imeisha," dada wa pampu akaniambia. "Ipo hii ya kawaida."

Hapo ndipo nilipotakiwa kushukuru, kugeuza na kwenda kugonga kwa Fundi Salumu, mwendo wa kutafuna muwa mmoja. Lakini wale vijana wananitazama, na mmoja akasema, "Kumbe gari la Taboo linachagua chakula," wakacheka, na mimi (ee Mungu wangu) nikatoa mkono dirishani nikasema, "Jaza dada, petroli ni petroli."

Asubuhi nikafika Lufingo, na gari lilikwenda vizuri tu, tambarare na mteremko halikulalamika, nikajisemea fundi huyu naye ana maneno mengi. Nikamkuta baba ameshavaa koti lake la harusi, amekaa kibarazani na fimbo tangu alfajiri. Mama naye yuko tayari. Na mke wangu Atupele, aliyetangulia Lufingo tangu Alhamisi kumsaidia mama, alikuwa amesimama nyuma ya jiko na kapu la chakula cha mgonjwa, maana yeye ndiye angepika huko hospitali.

Hapa wasio wa kwetu naomba mnisikilize. Kwetu Wanyakyusa, kwa wazee kama baba yangu, mke wa mwana na baba mkwe hawakutani. Hamwangalii usoni, hasemi naye, akimsikia anakuja njiani anachepuka migombani mpaka apite. Si ugomvi, ni heshima, na Atupele aliishika miaka tisa bila kukosea hata siku moja. Kwa hiyo kupanda gari moja na mkwe, weee, hata kuwaza haikuwezekana. Ningeweza kumpeleka yeye kwanza halafu nirudie wazee, muda ulikuwepo, ila nilitaka niingie mjini na baba mapema watu wanione, nikamwambia, "Mama Lugano, wewe pita njia ya mkato, tutakutana huko huko." Akajitwika kapu akaenda zake, na mvua ndiyo kwanza inaanza.

Mlima niliouchagua kujionyesha ni ule wenye soko dogo katikati yake, ndizi upande huu, maparachichi upande ule, na Jumamosi ndiyo siku ya watu. Nilipouona tu nikakanyaga mafuta mpaka mwisho ili wasikie ile filimbi ya taboo, na kweli ikalia, watu wakageuka, nikanyanyua kidevu. Halafu nikasikia sauti nyingine. Ka-ka-ka-ka, kama mtu anatikisa kopo lenye maharage makavu.

"Lusajo, kinagonga nini?" baba akauliza. Yeye haoni, kwa hiyo masikio yake yalikuwa makali.

"Ni taboo hiyo baba, ndivyo inavyofanya kazi."

Nikazidi kukanyaga, maharage yakazidi, gari likaanza kuishiwa nguvu, mshale wa joto ukapanda, moshi ukatoka chini ya boneti, na mbele kabisa ya soko, pale ambapo nilitaka wanione, gari likazima. Nikavuta breki ya mkono, kumbe nayo ilikuwa ya maonyesho, tukaanza kurudi nyuma pole pole, mama anaita jina la Yesu, baba kashika fimbo, na safari yetu ikaishia kwenye rundo la maparachichi ya mama mmoja mnene ambaye mpaka leo nikipita pale hanisalimii, ananitazama magurudumu.

Nikashuka. Vijana wakaweka mawe nyuma ya tairi, halafu wakasimama, mikono mfukoni.

"Taboo ijisukume yenyewe," mmoja akasema, na soko zima likaangua kicheko.

"Maparachichi yangu kwanza!" yule mama akapaza sauti.

Nikaomba, nikabembeleza, nikasema mzee anawahi daktari, lakini nilivyopita pale siku zote nikiwarushia matope na honi juu, nani anisikilize? Nikafungua boneti nikawa naangalia injini kama naijua (mimi nauza spoku na pedeli jamani), jasho na mvua vinachanganyika. Saa ya mkononi ilionyesha saa nne na nusu. Ndani ya gari baba alikuwa ameinamisha kichwa, hakunilaumu, akamwambia mama tu, "Basi tena. Turudi nyumbani." Nilimsikia. Mtu mzima nikageuka nikalia kwenye boneti, wakadhani ni moshi.

Ndipo Atupele akatokeza na kapu lake kichwani, kutoka njia ya mkato. Akaona gari, akaona moshi, akaona kichwa cha mkwe wake kwenye kiti cha mbele, na kwa mazoea yake ya miaka tisa akarudi nyuma hatua mbili kuelekea migombani. Halafu akasimama. Akashusha kapu chini, akavuta kanga akajifunika mpaka usoni yakabaki macho, akaja moja kwa moja mpaka nyuma ya gari. Wanawake wa soko wanaomfahamu wakashika midomo. "Mwe! Mkwe wake yumo ndani!"

"Najua yumo," akasema, tena kwa sauti, sauti ambayo baba yangu hakutakiwa kuisikia. "Mzee anakwenda kufunguliwa macho leo, mnamcheka mwanaye? Mchekeni kesho, kesho na mimi nitawasaidia. Leo shikeni gari!"

Akaweka mikono kwenye buti, akaanza kusukuma peke yake. Ndala zinateleza, gari halisogei hata kidole. Wa kwanza kuja alikuwa yule mama wa maparachichi, haki ya Mungu, ananisonya huku anasukuma, halafu wakaja wote, vijana, wauza ndizi, na mwinjilisti mmoja aliyekuwa ananunua nyanya, na mimi mwenye gari nikaambiwa niingie nishike usukani, ndiyo kazi pekee waliyoniamini nayo. Kwenye kioo nilikuwa naona kanga ya mke wangu imelowa chapachapa na matope mpaka magotini.

"Huyo aliyesema ni nani?" baba akauliza.

Mama akakohoa. "Ni watu wa sokoni hao."

"Hm," baba akasema.

Tukafika juu, gari likashika mteremko, nikaliachia likateremka lenyewe bila injini, na nataka niseme ukweli hapa: sikusimama wala sikusema asante. Nilimwacha mke wangu barabarani anatafuta ndala moja iliyobaki kwenye matope.

Mteremko ulipoisha nasi tukaishia hapo hapo, na ndipo nikamwona Fundi Salumu anakuja na baiskeli, dumu la supa na jingine tupu yamefungwa nyuma. Kijana mmoja wa sokoni alikuwa amekwenda kumwita mbio, sikumtuma mimi. Nilidhani atanitukana mbele ya wazazi wangu. Akamsalimia baba kwa adabu, "Shikamoo mzee," akanusa mdomo wa tangi, akanitazama mara moja tu.

"Kawaida?" akauliza.

"Kawaida, fundi."

Akangoja injini ipoe, akatia maji, akanyonya kwa mpira ile petroli niliyoitia akaimwaga kwenye dumu tupu, akajaza supa yake, halafu akalegeza distribyuta akairudisha taimingi, ule wakati wa cheche kuwaka, nyuma kidogo huku ametega sikio kama daktari. Gari likawaka, kwa kukohoa, lakini likawaka.

"Lina kidonda ndani, taboo usiiguse," akaniambia. "Nenda kama umebeba mayai."

Tukaingia hospitali saa sita kasoro kidogo, kalamu ya nesi bado haijafunikwa. Jina la baba likawa la mwisho kwenye orodha. Chini yake akapiga mstari.

Alasiri ile ile daktari akamtoa ule mtoto wa jicho, na kesho yake wakamfungua bendeji. Baba akapepesa macho, akamtazama mama kwa muda mrefu, akasema, "Umezeeka," mama akacheka mpaka machozi. Akanitazama mimi. "Na wewe umenenepa, ndiyo maana gari halipandi." Wodi nzima ikacheka, nami nikacheka, ningefanyaje?

Halafu akasema, "Mwenye ile sauti yuko wapi?"

Mama akaanza kukunja shuka. Atupele alikuwa nje, nyuma ya ukuta wa jiko la hospitali, anamkorogea uji, kama kawaida yake.

"Mnadhani siijui?" baba akasema. "Miaka tisa nasikia anaimba nyuma ya jiko langu. Mwiteni."

Alikuja akasimama mlangoni, amejifunika, amegeukia ukutani, anavuta kanga izidi kumfunika, maana alidhani anaitwa kuulizwa kosa lake. Baba akanyanyuka kitandani mwenyewe, bila kushikwa mkono, akasimama.

"Ndaga fijo, mwanangu," akamwambia. Asante sana, ndiyo maana yake. "Funua uso. Nimefunguliwa macho ili nione nini kama si wewe?"

Wazee wengine Lufingo walinung'unika wee mpaka wakachoka, baba akawaambia siku wakisukumwa mlimani wao ndio waje kumfundisha.

Fundi Salumu alipofungua injini alinitolea pistoni moja imeliwa ukingoni kama mahindi yaliyogugunwa na panya. Ipo dukani mpaka leo, juu ya rafu, karibu na minyororo, na vijana wa stendi waliniondolea lile jina la Taboo, sasa naitwa Kawaida, na ninaitika, kwa sauti ndogo. Nikifika kwenye pampu nauliza kwanza kuna supa, na kama hakuna naliacha gari hapo hapo natembea kwa miguu. Lakini kiapo changu kikubwa si cha mafuta. Niliapa mbele ya Atupele, wiki ile ile, nikiwa nimeshika ndala mpya mkononi, kwamba hatatembea tena kwenye mvua mimi nikiwa kwenye gari. Na tulipomrudisha baba Lufingo Atupele ndiye aliyekaa mbele, kwa amri ya mzee, na baba nyuma akawa anatazama dirishani, anaitaja migomba ya watu mmoja mmoja njia nzima.