Mama wa Kwenye Kaseti

Juma lililopita, mwenzangu, nilifanya jambo ambalo mpenzi wa sinema hapaswi kulifanya msimu wa tuzo. Niliziacha filamu zote zinazowania, nikarudi kuangalia filamu ya zamani. Kila mwaka huwa nahakikisha nimeziona zote kabla washindi hawajatangazwa, kisha nabishana na wenzangu kwenye kundi letu la simu mpaka chaji inaisha. Mwaka huu imo ya kutisha kati ya zinazowania, na ugomvi ulianzia hapo. Wenzangu wanasema filamu ya mizimu haiwezi kupewa tuzo kubwa. Mimi nasema filamu za kutisha zinatendewa kama yule shangazi anayepika pilau la harusi halafu haitwi kwenye picha. Katika kutafuta ushahidi nikaikumbuka moja, ya picha nyeusi na nyeupe, niliyoiona nikiwa na miaka tisa. Jina lake sikuwahi kulijua. Niliitafuta kwa kueleza tu: mama aliyekufa, nyumba ya mbao, mtoto mwenye nywele ndefu. Siku ya tatu nikaipata.

Lakini kwanza nikueleze niliionea wapi.

Sombetini, Arusha, hatua chache kutoka nyumbani kwetu, palikuwa na banda la video. Mabati pembeni, mabati juu, mabenchi ya mbao ambazo hazikupigwa randa, na magunia yametundikwa madirishani kuzuia mwanga. Mwezi wa saba, baridi ya Meru inaposhuka na ukungu ukakaa mpaka saa sita mchana, ndani mle palikuwa na joto la watu. Palinuka masweta yenye unyevu, karanga, na mihogo ya mama mmoja aliyekaanga mlangoni na kuipaka chumvi na pilipili. Mvua ikipiga mabati, sauti ya televisheni hukuisikia kabisa, wala haikutusumbua. Hatukwenda kuisikiliza televisheni. Tulikwenda kumsikiliza mtafsiri.

Mtafsiri alikuwa jirani yetu. Siku za kazi alitengeneza redio. Kiingereza alikiokota mlimani, alikobeba mizigo ya watalii miaka mingi. Jumamosi, na mara chache katikati ya juma, alisimama kando ya televisheni na kipaza sauti chake kilichofungwa kwa utepe wa gundi, akasema sauti zote yeye mwenyewe: mzee, bibi harusi, polisi, hata mbwa. Wazungu wake walisalimiana shikamoo. Mchungaji yeyote aliyetokea na msalaba kufukuza pepo alikuwa ametoka chuo cha wachungaji cha Makumira. Wafu waliofufuka aliwaita misukule, nasi tukaelewa papo hapo, bila maelezo.

Na sisi tuliokaa kwenye mabenchi tulikuwa na adabu zetu, ambazo tangu hapo sijaziona katika ukumbi wowote. Jeneza likipita kwenye skrini, wanaume walivua kofia. Akina mama waliguna, wakasema "poleni jamani" kuwaambia wafiwa wa ng'ambo huko. Hata kama marehemu mwenyewe alikuwa mnyonya damu na tulikuwa tumeomba afe tangu mwanzo.

Bibi yangu hakulipenda banda lile. Alikuwa Mlutheri wa Machame, mwanamke wa kuamka kabla ya jogoo, na alishuka kuja kutulea baada ya mama kufariki. Tulimzika mama kwao baba, kwenye migomba, kama ilivyo desturi yetu Wachaga, na tuliporudi Arusha bibi akaja nasi na kikapu cha ndizi za mtori. Aliniruhusu kwenda bandani kwa shingo upande. "Mtoto akililia wembe mpe," alisema, akaongeza kwamba kabla sijakwenda maharage yawe yamechambuliwa, maji yamejaa pipa, na ng'ombe amekatiwa majani. Nilizifanya kazi zote mbio mbio.

Sasa hapa nitakuambia kitu ambacho sikumwambia bibi wala baba. Nilikuwa namwogopa mama yangu. Watoto wa shuleni waliniambia kwamba mama akiacha mtoto mdogo hurudi kumchukua. Basi mimi niliyekuwa nikilala mgongoni kwake, niliyekuwa namlilia mpaka kifua kinauma, nikawa sipiti mlango wa chumba chake. Sweta alilonifuma, la manjano, nililisukuma chini ya kitanda. Nikiitwa nimletee baba kitu kutoka chumbani nilijifanya tumbo linauma. Niliona aibu kubwa sana. Nilijiona mtoto wa ajabu, anayemtaka mama yake na kuomba asimwone.

Ikafika Jumamosi moja ya mwezi ule wa saba. Niliingia bandani nikakaa benchi la mbele, watoto walipokaa siku zote. Banda lilijaa mpaka watu wamekaa juu ya madebe. Kaseti ikaanza: nyumba ya mbao, mvua, jeneza. Wanaume wakavua kofia. Mama wa mtoto mmoja amekufa. Nilitaka kuinuka, lakini nyuma yangu watu walikuwa wamebanana hakuna pa kupita. Na ndipo mlango wa chumba cha yule mtoto ukafunguka taratibu, na mama yake akasimama pale, amevaa nguo nyeupe, nywele zimemwagika.

Mahali kama hapo mtafsiri wetu alikuwa anapiga ukelele wa kufa mtu. Siku ile alikohoa, akainama akashusha sauti ya televisheni mpaka mwisho. Halafu nikasikia sauti ya mwanamke, ya chini, ya uchovu kidogo, kama mtu aliyetoka shambani.

"Mwanangu, umekula?"

Mtoto wa kwenye skrini alifumbua mdomo. "Nimekula, mama. Bibi amenipikia mtori."

"Na shule unakwenda?"

"Nakwenda."

"Basi lala. Nimekuja kukufunika tu, baridi imezidi."

Yule mama akanyoosha mkono akashika blanketi. Kutoka benchi la nyuma mwanamume mmoja akauliza kwa sauti, "Sasa mbona mtoto analia?"

Mtafsiri akamgeukia na kipaza sauti mkononi. "Wewe mama yako angekuja leo, usingelia?"

Mtu yule alitaka kuendelea, mama wa mihogo akamwambia, "Wewe bwana, tulia, tunasikiliza." Akatulia. Filamu ikaendelea hivyo hivyo mpaka mwisho. Mtoto alipokimbia ngazini, alikuwa anakimbilia kumwonyesha mama ripoti ya shule. Mchungaji alipokuja na msalaba na mishumaa, alikuwa anamsindikiza mama kwa heshima, maana safari yake ilikuwa ndefu. Mama alipotoweka kwenye moshi, akina mama wa bandani walijifuta macho kwa kanga. Mimi nililia kwa sauti, na hakuna aliyenicheka.

Nilipofika nyumbani nilikwenda moja kwa moja chumbani kwa mama. Kilinuka mafuta yake ya nywele. Nikatoka, nikalitoa sweta la manjano chini ya kitanda changu, nikalikung'uta vumbi, nikalivaa. Bibi aliniona, akanisogezea bakuli.

Sisi nasi tulikuwa na msimu wetu wa tuzo. Kati ya Krismasi na mwaka mpya, mtafsiri alipanga makopo matupu juu ya benchi, kila kopo na jina la filamu alilolibuni mwenyewe, na kila mtu akaja na maharage matano ya kupigia kura. Hapakuwa na filamu za tuzo upande huu na za kutisha upande ule. Mwaka ule kopo lililoandikwa "Mama Amerudi" lilijaa mpaka maharage yakamwagika chini. Nilidhani watu wote walikuwa wameipenda kama mimi.

Basi juma lililopita nikaiweka, miguu nimekunja kwenye kochi, chai ya tangawizi mkononi. Maandishi ya tafsiri yalipita chini ya picha. Mlango ukafunguka taratibu. Mama yule akasimama na nguo yake nyeupe, na kitu cha kwanza alichosema kilikuwa, "Nimekuja kukuchukua." Akashika blanketi. Hakuwa anamfunika mtoto. Alikuwa anamvuta.

Nikaisimamisha. Kwanza nilicheka, nikasema loo, kumbe jirani hakujua Kiingereza, miaka yote ile ametuuzia mbuzi kwenye gunia. Kisha kicheko kikaniishia. Namba yake niliipata kwa binti yake anayeuza vitenge sokoni, na Jumapili baada ya ibada nikampigia. Siku hizi anaishi juu huko, magharibi ya mlima, anafuga.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nani mwenzangu?"

Nilipojitaja alishangilia mpaka nikasikia mbwa wake wanabweka. Tukaulizana habari za watoto na za mvua. Ndipo nikamuuliza kuhusu ile kaseti ya mama aliyerudi, kwa nini aliitafsiri vile. Aliwatuliza mbwa kwanza.

"Ile tuliionyesha Alhamisi, wewe ukiwa shule. Siku hiyo niliitafsiri sawasawa. Watu walipiga kelele mpaka benchi likavunjika. Jumamosi wakaiomba tena wenyewe. Sasa mkanda umeshaanza, nageuka, nakuona umekaa pale mbele. Mama yako hana hata miezi miwili kaburini. Ningekutoaje? Ningekutoa, banda zima lingegeuka kukutazama."

"Kwa hiyo waliokuwa mle ndani..."

"Wengi walikuwa wameshaiona, mwanangu. Walijua kila kitu. Yule aliyeuliza alikuwa mgeni."

"Na hakuna hata mmoja aliyeniambia?"

"Wakuambie nini?" alisema. "Filamu ilikuwa hiyo."

Pale palipokuwa na banda sasa wanauza vifuniko vya simu. Nimepita jana. Kijana wa pale hakujua kama paliwahi kuwa na kitu kingine, na sikumlaumu. Mimi mwenyewe naangalia sinema peke yangu, vipokea sauti masikioni, na maandishi yanayopita chini ni sahihi neno kwa neno. Hayajui nani amefiwa. Siku tuzo zitakapotangazwa nitabishana kama kawaida, lakini moyo wangu hauko huko mwaka huu. Unakaa na watu wale wa mabenchini, mafundi, wapagazi, wakaanga mihogo, waliotoa hela zao ili watishwe, na wakakaa saa moja na nusu nzima bila kutishwa, wakijifuta machozi kwa kitu walichojua hakipo, kwa sababu mtoto wa jirani alikuwa mbele. Wengi wao wameshazikwa, na sikuwahi kumwambia hata mmoja asante.