Mundu, Kisu na Mpunga Ulioanguka

Mimi ndiye niliyeusifu mundu katika mji mzima wa Kindu, na ninakiri leo kwa kuwa meno yameniisha na hakuna atakayejisumbua kunichapa. Niliusifu kwa sababu ulikuwa chombo kibaya. Kama ungekuwa chombo kizuri ningeutukana mchana kutwa.

Wakati huo sikuwa na mume wala kwetu. Nililetwa na msafara nikiwa mtoto, bibi aliyenilea akafa, nikabaki kulala jikoni katika nyumba ya Bwana mmoja Mwungwana aliyekuwa na mashamba ya mpunga kando ya mto Lualaba. Mwenyewe alikuwa akisema kwamba mimi si mtumwa wake. Hata hivyo nilichota maji yake, nikatwanga mpunga wake, nikala kilichobaki katika sufuria yake. Mwaka mmoja nikapata ujasiri, nikamwomba kipande cha ardhi. Alicheka kwanza, kisha akasema mbele ya watu wa nyumba:

"Siku utakayonionyesha kikapu cha mbegu kilichojaa, nitakupa kile kipande cha bondeni. Utalima kwako na utapika kwako."

Nadhani alisema hivyo ili nimwondokee. Lakini nilikwenda zangu nikiwa nimeshaanza kuchagua mahali pa kuweka mafiga.

Mtu kama mimi alikuwa na njia moja tu ya kupata mbegu. Pale kulikuwa na desturi: wakati wa mavuno, mpunga ulioanguka chini haukuwa tena wa mwenye shamba. Ulikuwa wa wanawake waliokuja nyuma ya wavunaji kuokoteza, na hakuna aliyeweza kuwanyang'anya hata punje. Desturi ilikuwa nzuri sana kwa masikio. Tatizo lilikuwa kwamba hapakuwa na kitu kilichoanguka.

Kisa chake ni kwamba wanawake wa pale walivuna kwa kisu kidogo, cha urefu wa kidole, kilichofichwa kiganjani. Walishika suke moja, wakalikata, wakalitia mkononi mwa kushoto, wakashika jingine. Mkono ukijaa walifunga mganda kwa unyasi. Aliyewazidi wote ni mke mkubwa wa Bwana, tuliyemwita bibi mkubwa, mzaliwa wa huku huku Maniema, mwanamke mfupi asiyeongea sana. Alikuwa na kisu kile kile tangu alipoolewa. Alikata bila kutikisa suke, na nyuma yake hata kuku angelala njaa. Siku nzima nikimfuata niliokota kiasi cha kujaza kiganja, nikamchukia kwa moyo wangu wote.

Ndipo miundu ikaja. Msafara uliotoka Nyangwe ulileta sita, mipya, yenye mipini ya mti mweupe. Bwana alikuwa mtu wa kupenda vitu vipya, akaamua kupima kipi bora, mundu au kisu. Akafunga kamba katikati ya shamba kubwa. Upande mmoja akaweka vijana sita wenye miundu, upande wa pili wanawake sita na visu vyao, bibi mkubwa akiwa mbele. Sisi waokotezaji tuliruhusiwa kupita pande zote mbili.

Kwa macho ya mtu aliyesimama mbali, hapakuwa na shindano. Vijana walishika mashina kwa konzi nzima, wakavuta, wakakata, wakatupa. Jua lilipofika utosini walikuwa wamemaliza nusu ya upande wao, na wanawake walikuwa bado karibu na mahali walipoanzia. Bwana, aliyekuwa kivulini na mwavuli wake, akafurahi kama mtu aliyezaa mapacha.

Mimi niliyekuwa nimeinama niliona mengine. Kila konzi iliyovutwa ilipukutisha mpunga. Kila mganda uliotupwa ulipukutisha tena. Masuke mabichi yalikatwa pamoja na yaliyoiva, na yaliyoiva hasa ndiyo yaliyomwagika. Mipini nayo haikukaa. Mmoja ulichomoka, chuma kikaruka na kuangukia karibu na chungu cha maharage, na mpishi akahamisha chungu chake. Nilikuwa nikiyaona haya yote na kikapu changu kinakuwa kizito. Sijawahi kuona uharibifu mtamu kama ule.

Jioni ya siku ya pili Bwana akatuita sisi waokotezaji. Alisema nyinyi mnaokuja nyuma mmeona pande zote, basi semeni kweli. Wenzangu wakatazama chini. Mimi nikajitokeza.

"Bwana," nikasema, "mundu ni chombo cha watu walioendelea. Kisu ni cha watu wenye nafasi ya kupiga soga. Mvua ikikaribia, kisu kitakuachia shamba nje. Mundu utakuwa umeshamaliza na kulala."

"Na ule uliochomoka?"

"Kijana aliushika vibaya, Bwana."

"Na mpunga unaoanguka? Nasikia unaanguka."

"Ni wa kawaida tu," nikasema, na kwa mguu wangu wa kushoto nikasukuma majani makavu juu ya punje zilizokuwa zimetapakaa mbele yake. Kisha nikamvika kilemba cha ukoka, nikasema macho yake yanaona mbali kuliko ya wenye mashamba wengine wote wa mtoni. Bibi mkubwa alikuwa amesimama pale pale na alikuwa akitazama mguu wangu.

Mundu ukashinda. Visu vikarudishwa nyumbani, na shamba lote likaachwa kwa vijana. Baada ya hukumu hiyo kinoo cha kunolea kikawa kinapotea kila asubuhi kwa namna isiyoeleweka. Kilikuwa ndani ya kikapu changu, chini ya majani ya mgomba, kwa kuwa nilikuwa nimegundua kwamba mundu butu hutikisa shina mara mbili zaidi. Kila siku jua likianza kushuka nilikirudisha, ili vijana wasikate tamaa kabisa. Nilitaka mundu ufanye kazi, lakini usifanye vizuri mno.

Mavuno hayajaisha kikapu changu kikajaa. Nilikibeba kichwani nikipita katikati ya uwanja, polepole, ili kila mtu aone. Bibi mkubwa akaniita barazani kwake. Alitia mkono ndani ya kikapu, akaacha punje zimiminike kati ya vidole.

"Mwanangu, hii njo mbegu yako?" akauliza kwa Kiswahili cha kwao, ambacho "ndiyo" ni "njo".

"Ndiyo, bibi."

"Yote ya kuokota chini?"

"Yote."

"Iache hapa, upikie watu. Miye nitakupa masuke yangu, yenye nilichagua na kisu. Ni kidogo, lakini inatosha kuanza."

Nilimtazama kwa jicho la pembeni. Kikapu changu kilifurika, na mbegu yake ilikuwa miganda mitatu tu iliyoning'inia juu ya moshi wa jiko. Nikajiambia: mama huyu ameshindwa na mundu, sasa anataka kunizuia nisipate shamba. Nikamshukuru kwa heshima zote, nikapiga magoti, nikabeba kikapu changu nikaenda nacho kwa Bwana. Bwana alikitazama, akakuna kidevu, lakini alikuwa ameahidi mbele ya watu. Akanipa kile kipande.

Nililima mwenyewe. Nilifukuza ndege mpaka sauti ikanikauka. Nilijenga kibanda, nikaweka mafiga matatu, nikapika mihogo yangu na kuila bila kuangalia uso wa mtu, na nilikuwa na furaha ambayo sijui kuieleza hata sasa. Mpunga uliota, ukachanua, ukawa wa dhahabu. Watu waliopita walisimama kuutazama. Kwa kuvuna niliazima kisu kidogo, kwani sikuwa mjinga wa kuingiza mundu katika shamba langu.

Asubuhi ya kwanza nilishika suke la kwanza kwa vidole viwili, taratibu, kama nilivyomwona bibi mkubwa akifanya. Kabla kisu hakijagusa, nusu ya punje zikamwagika miguuni pangu. Nikashika la pili, likamwagika. Upepo mdogo ukapita kutoka mtoni, na nikasikia shamba langu zima likidondoka, tii tii tii, juu ya majani makavu. Nilisimama pale na kisu mkononi.

Bibi mkubwa alikuja baadaye kidogo. Alipuliza suke moja kwa mdomo, likabaki uti mtupu.

"Siku ile uliokota mupunga yenye haikushikama ku suke," akasema. "Njo ile ulipanda. Sasa na watoto wake hawashikame."

Alisema kwa upole, na afadhali angenicheka. Nilitaka kumwuliza kwa nini hakunieleza hivyo siku ile, lakini nilijua kwamba nisingemsikiliza. Nikamwuliza nifanye nini. Alinyoosha kidole kuelekea njiani.

Wenzangu wa kuokoteza walikuwa wanakuja, watano, kila mmoja na kikapu, wamejipanga na nyuso za heri. Walinisalimu vizuri sana. Wakaniuliza habari za kuamka, habari za shamba, kisha wakainama. Nilifungua mdomo kuwafukuza, kisha nikaikumbuka desturi. Mpunga ulikuwa chini. Bibi mkubwa aliyekuwa kando alikuwa akinitazama kuona nitafanya nini.

Nikaweka kisu kando, nikachukua kikapu changu, nikainama nyuma yao katika shamba langu mwenyewe. Halafu aliyekuwa mbele yangu akageuka, akaniambia nisogee kidogo, ninamzibia.