Masanduku Matatu Aliyoniletea Mume Wangu

Mume wangu ni dereva wa lori. Anapeleka shaba ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, na kila akirudi Kolwezi harudi mikono mitupu. Jirani zangu huletewa na waume zao vitenge na masufuria. Mimi, kwa karibu miaka miwili, niliketi nikiletewa masanduku ya vyombo vya kazi, na kila moja lilinipotezea subira zaidi ya lile lililotangulia.

Mimi ni fundi wa friji. Nilisomea kazi hiyo nikiwa msichana peke yangu darasani, nikaajiriwa kwenye ghala la samaki wa barafu, na ghala lilipofungwa nikaanza kuwafuata wateja majumbani. Friji kubwa haibebwi kupelekwa kwa fundi. Fundi ndiye anayeifuata ilipo. Leo niko mjini kwa muuza maji ya baridi, kesho niko Mutoshi kwa mama anayewauzia wachimbaji soda. Wakati huo vyombo vyangu vilikaa katika mkoba wa zamani wa shule wa binti yetu, wenye picha ya mwanasesere mbele. Wateja walikuwa wakiitazama ile picha kwanza, kisha mimi. Siku moja mkoba ulichanika chini nikiwa juu ya pikipiki, kipimo changu cha umeme kikaanguka barabarani na lori la nyuma likakipitia.

Mume wangu alikuwa nyumbani wiki hiyo. Nilimwambia akiwa anakula.

"Tata, natafuta mufuko ya kazi. Mwepesi, ya kubeba ku mugongo juu ya pikipiki."

"Nasikia, mama. Usihangaike. Mi nitakuletea."

 Ningesema neno moja zaidi siku ile, ningejiepushia mengi.

Sanduku la kwanza lilikuwa la plastiki, lenye kifuniko cha kuonea ndani na vyumba vidogo vidogo kama vya sega la nyuki. Alilifungua mezani na kunionyesha kila chumba. Nikamuuliza spana itakaa wapi. Akageuza spana huku na huku, akasema nitazoea. Sikuzoea. Spana nilizifunga na kamba nikazibeba mkononi, na ndani ya sanduku nikaweka skrubu. Wiki ya pili bawaba zilikatika nikiwa sebuleni kwa mteja, skrubu zikasambaa chini ya friji, na familia nzima, pamoja na bibi yao mgonjwa wa goti, ikainama kunitafutia. Yule bibi ndiye aliyeipata ya mwisho. Aliniwekea mkononi, kisha akaomba kuinuliwa.

Sanduku la pili lilikuwa la chuma, jekundu, linalofunguka kama ngazi pande mbili. Mume wangu alilipaka grisi kwenye viungo na kulifuta kwa kitambaa. Ni kweli lilikuwa zuri. Lakini likiwa tupu lilikuwa zito kama mtoto wa miaka mitatu, na nikishaweka vyombo na chupa ya gesi ya friji nililiinua kwa mikono miwili. Waendesha pikipiki wa kituo chetu walianza kunikwepa. Mmoja aliniambia waziwazi:

"Mama, mi nabeba mutu moya. Chagula: weye ao sanduku."

Tena huku kwetu sanduku la chuma lenye uzito lina maana moja tu. Kwenye kizuizi cha njia ya Mutoshi mlinzi alijaribu kuliinua kwa kidole, likakataa kunyanyuka, akaniangalia kama mtu aliyeshinda bahati nasibu.

"Iko nini mule ndani?"

"Bitu ya kazi. Mi natengeneza frigo."

"Frigo haina muzito hivi. Fungula."

Nilifungua. Alitoa chombo kimoja kimoja akikipanga juu ya vumbi, akitafuta mawe ya kobalti ya wizi chini ya bisibisi zangu. Alipokosa mawe hakurudisha kitu ndani. Hiyo, alisema, haikuwa kazi yake. Nilipita kizuizi kile mara nne mwezi ule. Mara zote nne alifungua, na mara zote nne nilipanga vyombo vyangu nimechuchumaa huku malori yakinimwagia vumbi kichwani.

Nilipomweleza mume wangu, alitikisa kichwa kwa huruma, akaniambia ameelewa kabisa: shida ni uzito. Aliporudi safari iliyofuata alikuwa na sanduku lenye magurudumu.

Sijui alikuwa akiiona barabara gani kichwani mwake. Yeye hupita kwenye lami, juu, nyuma ya kioo. Mimi hupita kwenye vichochoro vya mchanga, mitaro na mashimo, na mvua ikinyesha kila kitu ni tope. Nilitaka kumwambia, lakini alikuwa amesimama mlangoni akilivuta sanduku mbele na nyuma juu ya saruji, akitabasamu, nami nikashindwa.

Mwisho wa sanduku lile ulikuja msimu wa mvua. Mama mmoja anayeuza samaki wa barafu alinipigia simu asubuhi: friji yake imezima, ndani kuna katoni sita, na maji yameanza kutoka. Nilimwambia nitafika baada ya nusu saa. Pikipiki ikanishusha mwanzo wa kichochoro chake kwa sababu mbele palikuwa bwawa. Nikavuta sanduku. Gurudumu moja likazama, nikavuta kwa nguvu, likang'oka, na sanduku likaangukia mtaroni likiwa wazi. Niliokota vyombo ndani ya maji machafu kwa kupapasa. Mita za gesi, ambazo bila hizo siwezi kujaza gesi, vioo vyake vilikuwa vimepasuka. Ilibidi nirudi nyumbani kuchukua zile za zamani, kisha nije tena. Nusu saa ikawa saa tatu nzima.

Friji ilipona. Samaki wa katoni za juu hawakupona. Yule mama na dada yake walikuwa wameketi uani wakiwapasua na kuwatia chumvi ili wawakaushe, maana hakuna tena ambaye angewanunua kama samaki wa barafu. Nilimwomba radhi. Hakunigombeza. Alinawa mikono, akaingia ndani, akatoka na beseni.

"Mama fundi, weka bitu byako humu. Mi nabeba samaki mu beseni miaka yote. Beseni haijaniangusha."

Nikaenda nyumbani na vyombo vyangu kichwani ndani ya beseni la samaki. Mume wangu alikuwa kizingitini, lori lake likingojea karatasi za mpaka.

"Sanduku iko wapi?" akauliza.

"Mu mutaro."

"Uliiacha? Mama, ile sanduku nilitafuta siku mbili."

Nadhani ni zile siku mbili zilizonichoma. Niliweka beseni chini.

"Siku mbili ulitafuta. Dakika moya ya kuniuliza ulikosa. Nilikuambia mufuko, mwepesi, ya ku mugongo. Ulisikia nini?"

"Mi nilitaka upate kitu ya muzuri."

"Kesho utanisindikiza ku kazi. Utabeba weye ile ya chuma."

Alicheka akidhani ni mzaha. Asubuhi nilimwekea sanduku jekundu mlangoni.

Tulikwenda kwa wateja wawili tu. Pikipiki ya kwanza ilikataa kutubeba, ya pili ilikubali na kutushusha kabla ya kilima. Alianza kwa mkono wa kulia, akahamia wa kushoto, kisha bega, na mwishowe kichwa, akiwa amekunja shati lake chini ya sanduku kama kata. Sikumsaidia. Nilikuwa na hasira bado, na hasira ile ilinipa raha ambayo sijivunii. Kwenye kizuizi mlinzi alimwamuru yeye afungue. Mume wangu, ambaye amepita mipaka na forodha zote kwa heshima ya usukani wake, alichuchumaa vumbini akipanga bisibisi za mkewe. Alipanga vibaya. Kwa mteja wa pili aliketi juu ya sanduku, akajifuta jasho.

"Kila siku ni vile?"

"Siku ingine kunanyesha," nikamjibu.

Tulipofika mjini, badala ya kwenda nyumbani alinipeleka kwa mzee mmoja anayeshona maturubai ya malori, mtu wa asili ya mji wa Kasongo ambaye humshonea na yeye. Mume wangu akaanza kumweleza ninachohitaji: mifuko mingapi, zipu wapi. Mzee alimsikiliza kwa adabu, halafu akamuuliza:

"Tata, weye ndiyo fundi ya frigo?"

Mume wangu akanipisha. Mzee akatandika mkeka na kuniambia nimwage kila kitu.

Nilidhani mateso yameisha, kumbe nimepata mwingine wa kunichosha. Alishika kila chombo na kuuliza nilikitumia lini. Spana moja kubwa nilikiri sijaigusa tangu ghala lifungwe, akaitupa pembeni. Kikata bomba cha pili akataka kukitupa pia, nikakishika, tukakigombania. Nikamweleza kwamba kimoja kikiwa butu katikati ya kazi, samaki wa mtu wanaoza. Akakiachia. Nilitaka mifuko mingi ya nje, akakataa, akisema mifuko mingi ni mahali pengi pa kusahau kitu. Nikamuuliza kama anajishonea mwenyewe au ananishonea mimi. Tukakubaliana miwili.

Mfuko ulikuwa tayari baada ya siku tatu. Ni wa turubai kuukuu la lori, mikanda yake ni ile ya kufungia mizigo, chini kuna mpira wa tairi, na mdomo wake unabaki wazi ukiuweka sakafuni. Chupa ya gesi inaning'inia ubavuni kwa kitanzi chake. Unanuka mazoti, yaani dizeli, na una nusu ya tangazo la saruji mgongoni, kwa hiyo wateja bado wananitazama. Mvua kubwa ikipiga, mshono wa chini huingiza maji, nami nimeshaurudisha kwa mzee mara mbili, na mara zote mbili ameniambia ninaupakia kupita kiasi. Labda ni kweli. Lakini naubeba mgongoni juu ya pikipiki, na vyombo vinafika nilipo.

Mume wangu sasa anauliza. Anauliza kila kitu. Juzi nilikuwa nimelala kifudifudi nyuma ya friji ya mteja, moto wa kuchomelea mkononi, simu ikaita mara tano. Mwishowe nikazima moto.

"Mama, niko ku duka huku mupakani. Iko bisibisi ya mukono mwekundu na ingine ya manjano. Unataka gani?"

Nilimwambia nitampigia nikimaliza. Akasema atangoja pale pale dukani, na nilipompigia baada ya saa moja na nusu, alikuwa bado amesimama hapo.